Sura ya Saba: Nakala Tatu

Fomu ilitaka neno moja tu. Juu ilikuwa na Kiingereza, chini Kifaransa, na katikati, ili watu wa ziwa nao wasione wamesahauliwa, Kiswahili: *Mauaji haya ni ya siasa / si ya siasa. Futa lisilohitajika.* Halafu mstari wa saini ya mchambuzi. Mchambuzi alikuwa Rodwell Mwaba, miaka ishirini na sita, suruali mbili, baiskeli moja, na tangu saa sita hii mchana, saa nne za kufuta lisilohitajika.

Bwana Harker, mkuu wake, aliiweka mezani na kuikandamiza kwa chupa ya wino, kana kwamba ingetoroka. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimepigwa pasi kila pembe. Alisema Kapiteni De Smedt, Mbelgiji wa ng'ambo, angefika gatini saa kumi kamili na boti, na kwamba hakuona sababu ya kumchelewesha mgeni. Akatoka kwenda kula.

Hiyo ndiyo Tume ya Amani ya Ziwa. Ilizaliwa mwaka 1957, wavuvi wa pande mbili za ziwa Mweru walipochoka kukatana nyavu wakaanza kukatana vichwa. Serikali mbili, ya Rodesia upande huu na ya Wabelgiji ng'ambo, zilikuwa zimesikia redioni kwamba huko Misri mataifa yameweka askari katikati ya wagombanao, zikaona si vibaya kujaribu. Zikaleta boti moja jeupe, zikaliita *Amani*, zikalitundika bendera mbili na kugawana usukani: wiki hii Harker, wiki ijayo De Smedt. Rodwell yeye aliajiriwa kusikiliza. Alisikiliza nyimbo za wapiga kasia, mahubiri, matusi ya sokoni Kashikishi, kisha aliandika kama ugomvi ni wa samaki au ni wa uhuru. Ugomvi wa samaki ulikwenda Boma, kwa mkuu wa wilaya. Ugomvi wa uhuru ulikwenda mbali zaidi.

Kwa Kifungu cha Tisa cha mkataba, mtu akiua kwa siasa hukabidhiwa upande wa marehemu. Wawili walivushwa mwaka jana. Wake zao walikuwa bado wanakuja ofisini kila Jumatatu kuuliza kama kuna barua.

Wa tatu angekuwa Mwewa, mvuvi wa kijiji cha Kabuta na katibu wa tawi la Kongresi, chama cha kudai uhuru. Alfajiri ya leo, Ijumaa, Ngosa, kapita, yaani msimamizi, wa doria kutoka ng'ambo, alikutwa ndani ya mtumbwi uliokuwa ukielea karibu na Kabuta, kisogo kimepasuka. Jana jioni watu walimwona akitembea na Mwewa. Na kwenye pua ya mtumbwi kulikuwa na kitambaa cheupe.

Kitambaa hicho ofisi nzima ilikijua. Kimo katika Taarifa Namba Kumi na Nne, ukurasa wa pili: watu wa Kongresi hufunga kitambaa cheupe kwenye pua za mitumbwi yao kama alama. Rodwell aliiandika mwenyewe mwezi wa tano. Alipita Kabuta kwa baiskeli, akahesabu vitambaa kumi na tisa kwa siku moja mahali ambapo mwezi wa kwanza hapakuwa na hata kimoja, akarudi akipiga mluzi. Kwa ukurasa huo wavuvi saba walinyang'anywa leseni, na Rodwell akapewa meza yenye droo.

Alianza na vitu, maana vitu havijui kubisha. Bandani, juu ya meza ya kupimia samaki, kulikuwa na kile kitambaa na shati la Mwewa. Shati lilikuwa limechanwa pindoni kipande cha upana wa kiganja, na Harker alikuwa amelibandika karatasi yenye alama ya mshangao. Sajini Jairos alikuwa amesimama mlangoni akitafuna muwa.

"We samaki," Jairos akasema, "unatoka jasho ya nini? Jua haijakuwa kali."

Jairos ni wa ukoo wa Mamba, Rodwell wa ukoo wa Samaki. Kwa Wabemba koo hizo ni watani tangu babu na babu: hutukanana wakiwa wazima, na mmoja akifa, mwenzake ndiye humbeba kaburini huku akiendelea kumtukana. Kwa hiyo Rodwell hakuona ubaya. Alilitandaza shati, akaweka kitambaa juu yake.

Havikulingana. Shati lilikuwa pamba nzito, na pale lilipochanwa nyuzi zilining'inia kama ndevu. Kitambaa kilikuwa chepesi, macho yanapenya, na pande zake zote mbili zilikuwa zimefumwa zikaisha. Hakikuchanwa popote.

Jairos aliacha muwa. "Ile iko bendeji. Mi nilifungwa yake kwa mukono, siku mulango ya Landrova ilinikamata."

"Walikufunga wapi?"

"Mu boti. Mu *Amani*. Lakini kwa misheni pia ziko."

Rodwell aliandika: *bendeji, boti au misheni*. Nusu ya ushahidi, na nusu haimwokoi mtu.

Mwewa alikuwa amekaa sakafuni katika chumba cha nyuma, kati ya askari wawili, mmoja wa kila upande. Kanuni ilitaka mahojiano yawe kwa Kiswahili ili wote wawili wasikie. Mikononi alikuwa na pingu za Tume. Tume ilikuwa na jozi moja tu. Waliopanga amani hawakutegemea wabaya wawili kwa siku moja.

Kuhusu shati alijibu bila kuulizwa mara mbili. Kipande alifungia gurudumu la baiskeli yake, lililopasuka njiani. Rodwell alitoka nje, ambako baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani pamoja na vielelezo vingine. Kipande kilikuwepo, kimebanwa chini ya mpira, kimejaa mchanga. Kumbe hakuna aliyeinama kutazama. Alirudi ndani.

"Jana ulitembea na Ngosa. Mulienda wapi?"

Mwewa alimtazama askari wa ng'ambo, kisha akatazama vidole vyake vya miguu.

"Saa kumi wanakuvusha, ba Mwewa," Rodwell akasema, akimwita kwa heshima ya Kibemba. "Nisaidie nikusaidie."

"Tulienda kwa mutu."

"Mutu gani?"

Yule askari wa ng'ambo alijikuna shingo. Mwewa alipoinua uso tena, alikuwa yeye mwenye swali.

"Ile kitambaa, ba Mwaba. Ilikuwa fasi gani ya bwato?"

"Mbele. Kwa pua."

Mwewa alicheka mpaka pingu zikalia. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa cha mtu aliyeona shimo analotupwa na kukuta limechimbwa vibaya.

"Basi enda kwa mama Jessy, kule Kabuta," akasema. "Lakini umuulize. Usihesabu."

Jairos aliendesha Landrova kama mtu anayefukuzwa, mchanga ukiruka, wanawake wenye vikapu wakikimbilia majanini. Saa nane kasoro walikuwa Kabuta. Mama Jessy alikuwa akigeuza samaki juu ya uchanja wa moshi. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, kilemba kimefungwa chini hadi nyusi. Aliwapa kigoda kimoja; Jairos akakaa chini. Walisalimiana kwa Kibemba, wakaulizana ya nyumbani kwa Kibemba. Lakini Rodwell alipolitaja jambo lenyewe, mama alihamia Kiswahili cha sokoni, lugha ya kuuzia watu wa ng'ambo samaki, ambayo yeye hakuwahi kulia ndani yake.

Mtumbwi wake ulikuwa umevutwa nchi kavu, hatua ishirini kutoka majini. Kitambaa kilikuwa kwenye ncha iliyoelekea kijijini, kimekuwa cha rangi ya majivu kwa jua la miezi mitatu.

"Hicho hapo," Rodwell akasema. "Kwenye pua."

"Ile haiko pua, mwana yangu. Ile iko nyuma."

Rodwell alikuwa mtu wa nyanda za juu. Kwao mto ni wa kuchota na kuvuka kwa kuruka. Alisogea, akapiga magoti, akatazama. Ncha ile ilikuwa pana kidogo, na sakafu yake imesuguliwa na nyayo za mpiga kasia. Pua, nyembamba kama mdomo wa ndege, ilikuwa upande wa pili, ikitazama ziwa.

"Bwato ya kilio tunaivuta kinyume," mama akasema. "Pua inaangalia mayi, fasi mwenye aliendea. Kitambaa inatoka kwa nguo yake ya kulalia. Tunaifunga nyuma, fasi alikuwa anasimama."

Akaeleza mengine kama anayetaja bei. Mwezi wa tano maji yalichukua watu wawili wa nyumba yake, mume na mtoto. Ndugu wote wa ukoo walivuta mitumbwi yao na kufunga, nyumba kumi na nane, pamoja na yake kumi na tisa. Mtumbwi wa kilio haushuki majini mpaka mwaka uishe. Mtu wa Kabuta aliyefunga kitambaa halafu akaingia ziwani na mtumbwi huo, hata kwenda kuua, hayupo.

Kumi na tisa. Rodwell alikuwa amehesabu sawasawa.

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Haukuuliza. Ulipita na kinga yako, ile baiskeli, unaangalia, unaandika, unapita. Tukasema, mwisho Boma nayo inahesabu vilio vyetu."

Jairos alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndara.

Lililobaki lilitoka polepole. Jana jioni Mwewa alimleta Ngosa hapo. Ngosa alikataa kigoda, akakaa mavumbini mlangoni kama afanyavyo mwenye kosa, akasema alikuwamo ndani ya boti jeupe siku ile ya wiki ya pili ya mwezi wa tano. Baba na mtoto walikuwa wakivua kwenye matete, katika maji yaliyofungwa, yaani yaliyokatazwa kuvuliwa. Boti liliwapanda na mtumbwi wao, wakazama. Aliyeshika usukani hakugeuza. Leo Ijumaa, mbele ya Tume, Ngosa alitaka kusema ni nani. Kijiji kilikuwa kimenyamaza miezi mitatu kwa sababu kusema walipofia ni kukiri walipokuwa wakivua, na leseni saba zilikuwa zimekwisha kwenda.

"Ulimsamehe?" Rodwell aliuliza.

"Hapana. Lakini nilimupa mayi, akakunywa."

Rodwell alifungua daftari lake la ratiba ya boti. Wiki ya pili ya mwezi wa tano: De Smedt.

Alimwomba mama waondoke wote kwenda gatini, akaseme hayo saa kumi. Mama alitikisa kichwa kabla sentensi haijaisha. Jina la aliyezama halitamkwi mpaka mtumbwi urudi majini. Ukiliita mapema, maji husikia, hurudi kwa nyumba ileile kuchukua mwingine. Bintiye alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga; mchi ulisikika.

"Niko na mumoja tu," akasema. "Ule munamusikia."

Njia ya kurudi, Rodwell alipanga mambo kwa sauti, kama anavyofanya mtu anayeogopa kimya. Kitambaa cha mtumbwi wa Ngosa kilikuwa bendeji, si nguo ya marehemu. Kilifungwa kwenye mtumbwi ulio majini, jambo ambalo Kabuta halifanyiki. Na kilifungwa puani. Duniani kote, mahali pekee ambapo kitambaa hicho hufungwa puani na huitwa cha Kongresi ni ukurasa wa pili wa Taarifa Namba Kumi na Nne. Aliyekifunga hakuwahi kuuona mtumbwi wa kilio kwa karibu. Alikuwa amesoma.

"Nani amesoma?" Jairos akauliza.

"Ilikuwa siri. Niliipiga taipu mwenyewe, na kaboni mbili. Nakala tatu. Moja ya Harker."

"Harker jana alikuwa Kawambwa, anakula na bazungu benzake mpaka usiku. Miye mwenyewe nilimuendesha, na leo asubui nikamurudisha."

"Moja ya De Smedt."

"Na ya tatu?"

Landrova ilipita shimo. Ya tatu ilikuwa kwenye meza yenye droo. Na mwenye meza, jana, alikuwa amelala Kabuta kwa katekista, kukusanya nyimbo.

Jairos alipunguza mwendo. "Samaki. Hii nyumba unajijengea haina mulango. Andika tu *si ya siasa*, nyamaza."

Lakini haikuwezekana. Harker alikuwa mtu wa karatasi: maadamu Taarifa ilisimama, kitambaa ni siasa, na fomu isiyolingana na Taarifa angeirudisha. Ili Mwewa abaki, Taarifa ilipaswa ife. Na aliyeiua alipaswa kueleza ni kosa gani lililomo, na ni nani aliyelisoma kosa hilo. Watu wawili. Mmoja kapiteni, mwenye bendera na mashahidi wa kukodi. Mwingine yeye mwenyewe, karani wa Luwingu, asiyejua hata pua ya mtumbwi.

Rodwell aliandika juu ya goti, Landrova ikimtikisa, mistari sita.

Gatini walikuta watu wamejaa, maana pale Nchelenge, mji wenye gati na ofisi ya Tume, habari haihitaji redio. *Amani* lilikuwa limefungwa kwenye nguzo, jeupe kama jino. De Smedt alisimama mbele yake kwa viatu vyeupe, akitazama saa. Alikuwa na adabu nzuri. Alimpa Rodwell mkono. Mwewa alikuwa amekwisha kuletwa.

Kama Rodwell angeitia karatasi mkononi mwa Harker, ingeingia mfukoni mwa Harker. Kwa hiyo aliisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, askari wa pande zote mbili wakisikia, na wauza samaki pia. Alisema Taarifa yake Namba Kumi na Nne ni makosa. Vitambaa ni vya msiba. Yeye, kwa kutojua, aliona nyuma ya mtumbwi akaandika mbele. Wavuvi saba waliadhibiwa bure. Na kitambaa cha leo, kwa kuwa kimelifuata kosa lake hatua kwa hatua, kilifungwa na mtu aliyeisoma Taarifa. Mwewa hakuisoma.

Masikio ya Harker yalikuwa mekundu. "Je, bwana Mwaba, ni watu wangapi waliopata kuisoma?"

"Watatu, bwana. Wewe ulikuwa Kawambwa."

De Smedt hakuonyesha hasira. Alitabasamu kama mtu aliyengojea mlango ufunguliwe, na ukafunguliwa. "Na weye, Mwaba. Jana ulilala fasi gani?"

Watu walisogea karibu. Hata nzi wa samaki walielekea kutaka jibu.

"Kabuta," Rodwell akasema.

"Voilà. Alikuwa Kabuta, alisoma, anajua kitambaa. Ngosa alimujua huyu kama iko mutu wa Kongresi. Bwana Harker, hii sasa njo siasa yenyewe. Ule mwingine mumuache. Huyu atavuka."

Harker alitazama ziwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kanuni ndani ya maji. Kisha akamwambia sajini afungue pingu za Mwewa. Akamwambia azifunge upya.

Jairos alikuja. Miaka miwili alikuwa hajawahi kumkaribia Rodwell bila tusi mdomoni. Safari hii alileta pingu tu. Pingu zilikuwa bado na joto la mikono ya Mwewa.

De Smedt alichukua fomu, akaweka kalamu juu yake. "Asaini, twende."

Rodwell aliinua mikono yote miwili, haikuwezekana kuinua mmoja. "Kifungu cha Tisa, bwana Harker. Hakuna anayevuka bila saini ya mchambuzi. Mshitakiwa hawezi kujichambua."

Mtu mmoja kwenye umati alicheka, akanyamazishwa. Harker alivuta pumzi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa dini yake. Ni kweli, akasema. Ingebidi asubiriwe mchambuzi wa ng'ambo, anayekuja na boti la Jumatatu.

"Jumatatu," De Smedt akakubali. "Ule iko mutu wangu. Anasaini mbio."

Kwa hiyo siku tatu. Rodwell alizihesabu, akaona kuhesabu hakukumsaidia wakati wote huo. Mwewa alikuwa amesimama kando yake akisugua vifundo vya mikono, hajui aende wapi. Nyuma ya Mwewa, kati ya vikapu vya wauza samaki, kulikuwa na kilemba kilichofungwa chini hadi nyusi. Lazima alipata lori la samaki. Alikuwa amekuja kutazama tu. Alisimama kwa nyuma kabisa, mkono umemshika bintiye begani.

Rodwell alimwita kwa Kibemba, kwa heshima zote.

"Mama. Mwezi wa tano sikukuuliza. Nauliza sasa. Mtoto wako aliitwa nani?"

Umati ukasogea mbali na mama, kama watu wanavyosogea mbali na moto. Wote walikuwa watu wa ziwa, walijua kinachoombwa. Mama Jessy alitazama maji. Alimtazama bintiye, akamsukuma taratibu nyuma ya mgongo wake, mbali na ukingo wa gati.

"Patson," akasema.

Halafu, kwa kuwa limekwisha kutoka na maji yamekwisha kusikia, akalisema tena kwa Kiswahili cha sokoni, kwa sauti ya kuita wanunuzi, ili na mwenye viatu vyeupe aelewe.

"Mutoto yangu Patson. Na baba yake, Misheck. Na ile njo boti iliwapanda."

Mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea *Amani*, na wenye mikono mitupu pale gatini, mmoja baada ya mwingine, walianza kunyoosha yao.